Gari la Hoteli Liliagizwa, Mama Akakesha Kiwanjani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo ilitungwa zama ambazo mgeni alifika kwa miguu, akapiga hodi mlangoni, na mwenye nyumba akaitika kutoka ndani. Siku hizi mgeni huteremka kwenye ndege usiku wa manane, na mwenyeji wake huenda akawa hoteli ya ghorofa nyingi iliyo mbali na hapo. Hodi yake haisikiki. Ikiwa hakuna mtu aliyepangwa kumpokea, au mtu huyo amepewa tarehe isiyo sahihi, mgeni atabaki na mizigo yake ukumbini huku kitanda chake kikiwa kimetandikwa mjini.

Haya siyaandiki kwa kusimuliwa. Mwezi wa Julai mwaka 2023 mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alikaa saa mbili na nusu katika ukumbi wa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, akisubiri gari la hoteli ambalo mimi mwanawe nililiagiza. Gari halikuja. Nilipochunguza ni nani aliyekosea, nilimkuta mkosaji ameketi kwenye kiti changu mwenyewe.

Nimeona niwaeleze wasomaji mambo yalivyokuwa, kwa kuwa familia nyingi sasa hupokea wagonjwa, wazazi na watoto wanaotoka safari za mbali. Aibu yangu ikimwokoa mzazi wa mtu mwingine, itakuwa imepata kazi.

KWA NINI HOTELI KUBWA?

Huenda msomaji akauliza mara moja: mwalimu mstaafu kutoka Songea ana haja gani na hoteli ya fahari? Swali hilo niliulizwa hata na ndugu zangu. Katika nchi yetu hoteli kubwa zimekuwa zikitazamwa kama mahali pa wakubwa na wageni kutoka ng'ambo. Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965, ikitazama bandari ya Dar es Salaam, ilikuwa fahari ya taifa changa. Lakini wazee wengi husimulia kwamba waliifahamu kwa kuipita nje tu. Leo jiji lina hoteli nyingi za namna hiyo, na bado mtu wa kawaida akikaribia mlango wake huanza kutazama viatu vyake.

Sisi hatukutafuta fahari. Mama alikuwa anarudi kutoka India alikofanyiwa upasuaji wa nyonga, na upasuaji huo ulikuwa wa marudio. Daktari alimpa masharti matatu. Kwanza, asikae kitini kwa muda mrefu. Pili, asipande ngazi. Tatu, asichuchumae kabisa. Akaongeza kwamba kabla ya kuendelea na safari ya Songea apumzike Dar es Salaam siku tatu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Ukonga, karibu sana na kiwanja cha ndege. Nyumba yake ina upendo mwingi, lakini choo chake ni cha kuchuchumaa, na kufika mlangoni kunahitaji kupanda ngazi saba za saruji zisizo na mahali pa kushika. Tulikaa watoto wanne wa mama, tukahesabu, tukachanga. Tulitafuta mahali penye lifti, choo cha kukalia, umeme wa akiba, na daktari anayeweza kuitwa usiku. Nyumba ya wageni ya bei nafuu yenye mambo hayo yote hatukuipata. Hoteli tuliyoichagua sitaitaja, kwani haina kosa. Itoshe kusema kwamba bei ya usiku mmoja ilizidi mshahara wangu wa wiki nzima.

Mjomba alipoambiwa, alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Basi angalau niende kumpokea." Nami, kwa kujiona kwamba nimepanga mambo kisomi, nikamjibu, "Usijisumbue, mjomba. Gari la hoteli litakuwepo." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu siku ile.

SAA SABA USIKU YA SIKU GANI?

Tiketi ya mama ilionyesha kwamba angetua Jumapili tarehe 16 Julai, saa 01:10. Kwa saa zetu za Kiswahili hiyo ni saa saba na dakika kumi usiku. Nilipiga simu hotelini kutoka Dodoma ninakofanyia kazi. Nikamwambia binti wa mapokezi, "Mgeni wangu anafika Jumapili, saa saba usiku."

"Jumapili usiku, saa saba. Bila shaka, ndugu," akajibu.

"Naam," nikasema.

Tulikubaliana kwa maneno, lakini kila mmoja alikuwa na usiku wake kichwani. Mimi niliwaza usiku wa kuamkia Jumapili. Yeye aliandika usiku unaofuata mchana wa Jumapili, ambao katika hesabu ya ofisi ni Jumatatu tarehe 17, saa 01:10. Tofauti yetu ilikuwa siku nzima.

Jambo hili halikuanza leo. Katika hesabu ya kale ya Waswahili, kama ilivyo katika hesabu ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapotua. Ndiyo maana mzee wa Pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" huenda ana maana ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kalenda ya ofisi hugeuka saa sita usiku. Kijana wa mjini naye huuita usiku kwa jina la mchana aliotoka nao. Hivyo maneno "Jumapili usiku" yakisemwa mbele ya watu watatu, wanaweza kuondoka na tarehe tofauti bila yeyote kusema uongo.

Tena kuna saa zenyewe. Saa yetu ya kwanza asubuhi ndiyo saa 07:00 ya tiketi. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti ya saa sita, na kila Mtanzania huigeuza kichwani bila kufikiri. Lakini mtu aliyechoka, au anayezungumza lugha mbili kwa wakati mmoja, huweza kuigeuza mara mbili au asiigeuze kabisa. Mgeni wa saa 07:00 asubuhi akaandikiwa saa saba mchana, na dereva akafika saa sita baada ya ndege kutua.

Siku iliyofuata hoteli iliniletea barua ya uthibitisho kwa baruapepe. Iliandikwa waziwazi: kuingia Jumapili tarehe 16 kuanzia saa nane mchana, kutoka Jumatano tarehe 19, gari la kiwanja cha ndege Jumatatu tarehe 17, saa 01:10. Mwisho waliandika kwamba ikiwa kuna kosa lolote, niwafahamishe. Niliifungua barua ile, nikatazama jumla ya fedha, nikaguna, nikaifunga. Sikusoma tarehe hata moja.

USIKU WENYEWE

Ndege ilitua kwa wakati wake. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemsindikiza mama, alinisimulia yaliyofuata. Wahudumu walimteremsha mama kwa kiti cha magurudumu, wakapita uhamiaji, wakachukua mizigo, wakapita forodha. Saa nane kasoro dakika kumi walikuwa wametoka ukumbini. Madereva walikuwa wamejipanga na vibao vyao vya majina. Mdogo wangu alivisoma vyote, akarudia kuvisoma. Jina la mama halikuwamo.

Walidhani dereva amechelewa, wakaamua kusubiri. Baada ya nusu saa mhudumu aliomba radhi, kwani ndege nyingine ilikuwa imetua na kiti cha magurudumu kilihitajika. Mama akahamia kwenye kiti cha kawaida, yaani kile hasa alichokatazwa kukalia kwa muda mrefu. Mdogo wangu alijaribu simu. Laini aliyoitumia India haikuwa na salio, na laini yake ya hapa nyumbani ilikuwa imefungwa kwa kutotumika miezi kadhaa. Dereva mmoja wa teksi alimwazima simu yake. Akanipigia mimi mara tano. Nilikuwa nimelala Dodoma, na simu nimeizima kama ilivyokuwa desturi yangu.

Wangeweza kuchukua teksi. Lakini walikuwa na fedha kidogo za Kitanzania, na wote wawili walikuwa wakiamini kwamba gari limelipiwa na litatokea wakati wowote. Hivyo ndivyo ahadi isiyo sahihi inavyoweza kumshika mtu kuliko kutokuwa na ahadi kabisa. Asiyeahidiwa kitu hujitafutia njia mapema.

Ilipokaribia saa kumi mama alisema, "Nipe hiyo simu." Kama walimu wengi wa kizazi chake, mama huhifadhi namba kichwani. Akabonyeza namba ya kaka yake wa Ukonga. Mjomba hakuuliza maswali. Alimwamsha jirani mwenye gari, na saa kumi na dakika ishirini alikuwa amemshika dada yake mkono. Muda wote ule mama alikuwa ameketi mwendo mfupi tu kutoka kwenye nyumba ya mtu aliyeomba kumpokea na akakataliwa.

Walipofika hotelini, kijana wa zamu ya usiku alitazama daftari lake na kuwaeleza kwa adabu kwamba chumba chao ni cha kuanzia saa nane mchana wa siku hiyo. Hakukosea. Msimamizi wake alipomwona mama amejiegemeza kwenye meza ya mapokezi, alikwenda mwenyewe kutafuta chumba kilichokuwa tayari. Tulilipia usiku mmoja zaidi. Mama alilala saa kumi na moja na nusu alfajiri, mguu ukiwa umevimba kutoka pajani hadi kifundoni.

Mchana daktari aliitwa. Kwa bahati hapakuwa na madhara ya kudumu, ila siku tatu za mapumziko zilitumika kuuguza usiku mmoja. Mimi nilifika kutoka Dodoma jioni ile. Mama hakunilaumu. Mjomba alisema sentensi moja tu: "Ulinizuia nisimpokee dada yangu." Nikaomba radhi mbele ya wote.

MAMBO YA KUANDIKA KABLA YA SAFARI

Tangu hapo nimewauliza madereva, wafanyakazi wa hoteli na wasafiri, nami nimejiwekea utaratibu ambao nautoa hapa kwa faida ya familia nyingine.

La kwanza ni tarehe. Usiseme "Jumapili usiku." Sema na uandike: "Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 16 Julai, saa 01:10, yaani saa saba na dakika kumi usiku." Mtu anayetua baada ya saa sita usiku lazima alipiwe chumba kuanzia usiku uliotangulia. Aghalabu hoteli hufungua vyumba kwa wageni wapya saa nane mchana na kuwataka wanaoondoka watoke kati ya saa tano na saa sita mchana. Kwa hiyo anayetua Jumapili saa saba usiku na kutaka kulala papo hapo, chumba chake ni cha Jumamosi. Familia nyingi huliona jambo hili kama hasara ya usiku mmoja. Sisi tuliulipia usiku huo vilevile, tena baada ya mateso.

La pili ni namba ya ndege. Dereva mwenye namba ya ndege anaweza kuulizia kama imechelewa au imewahi. Mwenye saa peke yake atakuja, atasubiri, na pengine ataondoka. Ikumbukwe pia kwamba saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika: ya kuondokea ni ya kule, ya kufikia ni ya huku. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Usiijumlishe wala kuitoa tofauti hiyo, kwani tiketi imekwisha kuihesabu.

La tatu ni jengo. Kiwanja cha Dar es Salaam kina majengo matatu ya abiria. La Kwanza ni la zamani na limekuwa likitumiwa na ndege ndogo. La Pili, lililobuniwa na msanifu Mfaransa Paul Andreu, lilifunguliwa mwaka 1984. La Tatu lilizinduliwa mwaka 2019, nalo limejengwa kwa uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Majengo haya hayako mlango kwa mlango. Dereva aliyesimama kwenye jengo moja hamwoni mgeni aliyetoka kwenye jingine, na kila mmoja atadhani mwenzake hakuja.

La nne ni gari lenyewe. Uliza jina la dereva, namba yake ya simu na namba ya gari. Huku Bara gari la biashara huwa na kibao cheupe cha namba, na la binafsi huwa na cha njano. Kwa hiyo teksi yenye kibao cha njano ina la kujieleza. Mgeni naye afundishwe jambo moja dogo: asitangulie kutaja jina lake. Mtu akimjia na kusema, "Mimi ndiye niliyetumwa kukuchukua," aulizwe, "Umetumwa kumchukua nani?" Dereva wa kweli atalitaja jina. Tapeli atatafuta maneno.

La tano ni bei. Iulizwe mapema kama ni ya gari zima au ya kila abiria, ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, na kama muda wa kusubiri umo ndani yake. Yapo mahoteli yanayowachukua wageni bure, na yapo yanayotoza kuliko teksi ya kawaida. Usidhani, uliza. Malipo yakiingizwa kwenye ankara ya hoteli, mgeni asimlipe dereva tena. Akimlipa dereva, adai risiti.

La sita, ambalo kwangu mimi lingepaswa kuwa la kwanza, ni mtu wa pili. Hata gari likiwa limeagizwa na kulipiwa, ndugu mmoja wa karibu apewe tarehe, saa, jengo na namba ya dereva, na asilale mpaka asikie kwamba mgeni ameingia chumbani. Hoteli hutoa huduma, nayo huitoa kwa kadiri ya karatasi iliyopewa. Ndugu huja hata karatasi ikikosewa. Namba yake iandikwe kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya pasipoti, kwani simu huzimika.

Barua ya uthibitisho ikifika, isomwe kwa sauti mbele ya mtu mwingine, tarehe kwa tarehe. Kazi hiyo haichukui dakika mbili.

KUULIZA SI UJINGA

Sasa tuingie ndani ya hoteli. Siku zile nilizokaa na mama niligundua kwamba fahari ya mahali inaweza kumfunga mtu mdomo. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama na mdogo wangu wamekaa chumbani karibu gizani. Hawakujua kwamba kadi ya kufungulia mlango hupachikwa pia kwenye kijaluba kilicho ukutani ndipo taa zote ziwake. Kulikuwa na sahani ya matunda mezani. Mama alikuwa na njaa, lakini hakuyagusa kwa kuogopa bei. Kumbe yalikuwa zawadi ya hoteli. Chupa mbili za maji kando ya kitanda zilikuwa za bure pia, ila soda na karanga zilizokuwa ndani ya jokofu dogo zilikuwa za kulipia, tena kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha mambo hayo. Mama, aliyefundisha watoto kwa miaka thelathini na tano akiwahimiza wanyooshe mikono kuuliza, aliona haya kumuuliza kijana aliyeleta taulo.

Ndugu msomaji, aliyelipa ana haki ya kuuliza, na kijana wa mapokezi ameajiriwa ajibu. Uliza kama kifungua kinywa kimo katika bei ya chumba. Uliza kama bei uliyotajiwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida huku Bara ni asilimia 18, maana bei isiyo na kodi huonekana nzuri siku ya kwanza na kubadilika siku ya mwisho. Uliza ni amana kiasi gani itakayoshikwa unapoingia, na itarudishwa lini. Ikiwa utatajiwa bei kwa dola, kumbuka kwamba kanuni zilizotolewa mwezi Machi mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Dai bei ya shilingi.

Kwa mgonjwa au mzee, maswali yawe mengi zaidi. Je, bafu lina mahali pa kushika? Kuna kizingiti cha kuruka? Kitanda kina kimo gani? Chumba kiko umbali gani kutoka kwenye lifti? Umeme ukikatika, lifti huendelea? Hoteli nzuri haichukii maswali hayo. Hata inaweza kubadilisha chumba kabla mgeni hajafika. Mama alipewa kwanza chumba cha mwisho kabisa cha korido, mwendo wa hatua nyingi kwa mtu mwenye fimbo mbili. Nilipoeleza hali yake, walimhamishia karibu na lifti siku hiyohiyo bila kuongeza hata senti. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kusema.

Kuhusu bakshishi, mgeni asihangaike. Hiyo ni shukrani na si kodi. Atakayependa kumpa kitu mbeba mizigo na ampe, na asiye nacho aseme asante huku akimtazama mtu usoni.

SIKU YA KUONDOKA

Kuondoka nako kuna mitego yake. Kutoka katikati ya jiji hadi kiwanjani ni kilomita zipatazo 12, kwa Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Barabara ya Pugu. Barabara ya juu ya Mfugale, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika makutano ya TAZARA, ilipunguza adha ya kungoja pale. Hata hivyo mvua kubwa au foleni ya jioni inaweza kugeuza safari ya nusu saa kuwa ya saa moja na nusu. Kwa ndege ya kwenda nje ya nchi, abiria hushauriwa awe kiwanjani saa tatu kabla. Gari la hoteli liagizwe jana yake, na ankara ilipwe usiku ili asubuhi isiwe ya kubishana juu ya chupa ya soda.

Jumatano tarehe 19 tuliteremka na mama kwa lifti. Safari yake ya Songea ilikuwa kwa ndege ya ndani. Mjomba alikuwa amefika saa mbili nzima kabla ya wakati, ameketi kwenye makochi ya ukumbi akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, akinywa chai aliyoletewa. Safari hii hakuna aliyemwambia asijisumbue. Gari la hoteli lilikuwa mlangoni, na dereva alikuwa mtu mpole mwenye mvi. Alipakia mizigo, akamsaidia mama kuingia kiti cha mbele, ambako aliweza kunyoosha mguu.

Tulikuwa tumekwisha kutoka getini mama alipomgeukia.

"Samahani, mwanangu. Unatupeleka jengo gani?"

"La Tatu, mama. Nimeandikiwa kwamba mgeni alishukia La Tatu."

"Nilishukia La Tatu nikitoka India," mama akasema. "Leo nakwenda Songea. Hebu uliza."

Dereva akaegesha gari pembeni, akapiga simu. Akajibiwa kwamba ndege yetu ya ndani inaondokea Jengo la Pili. Akacheka, akamshukuru mama, akaendelea na safari. Mjomba, aliyekuwa nyuma pamoja nami, alinigusa bega bila kusema neno.

Tulifika Jengo la Pili zikiwa zimebaki saa moja na dakika arobaini. Mama alipata kiti chake cha magurudumu, na safari hii kulikuwa na muda wa kutosha wa kukaa naye.